Laptopu ya Kugusa na Sikio la Mzee

Ko. Ko. Ko.

Mara tatu, polepole, ukucha juu ya kioo. Haukuwa mlio wa nguvu. Ulikuwa kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo anajua kuna mtoto amelala ndani. Mlio huo naukumbuka mpaka leo kuliko mlio wa printa yetu, kuliko hata honi za malori ya Busia yanayopita mbele ya duka hapo Otonglo mchana kutwa. Ukucha ulikuwa wa mama mzee aliyekuwa amefiwa na mumewe. Kioo kilikuwa cha laptopu ya dukani. Niliusikia, lakini sikumuuliza anabishia nini, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Ngoja kwanza niwaambie kuhusu hiyo laptopu.

Duka tunalofanyia kazi ni dogo, la mabati, lina meza mbili na printa moja yenye hasira. Tunapiga fotokopi, tunaandika barua, tunapiga picha za pasipoti. Lakini kazi kubwa ni programu za mazishi. Upande wetu mtu hazikwi bila kijitabu. Picha yake inakaa juu, ndani kuna wasifu wake, majina ya watu wote wa boma, nyimbo, na saa ya kila kitu mpaka saa ya chakula. Wageni huenda nacho nyumbani na kukiweka ndani ya Biblia, na huko hukaa miaka. Mimi ndiye huvitengeneza. Sikusoma sana. Nilimaliza kidato cha nne na alama za kuficha, nikafanya kozi ya kompyuta miezi mitatu mjini Kisumu, juu ya duka la magodoro, na hapo elimu yangu ikakaa chini kupumzika. Ndoto zangu hazijakaa. Nataka siku moja nitengeneze majalada ya vitabu, vile vya kuuzwa kwa duka lenye taa. Kwa sasa natengeneza majalada ya marehemu, na hujiambia kwamba hayo pia ni majalada.

Mwenye duka, ambaye sote tunamwita Madam, alinunua laptopu ya mtumba baada ya ile kompyuta ya zamani kuanza kujizima ikiona wateja wengi. Hakuna aliyetuambia kwamba skrini yake ni ya kugusa. Siku ya kwanza nilifuta vumbi kwa kidole na ukurasa mzima ukakimbia juu. Nikapiga kelele. Madam akadhani nimepigwa na stima.

"Inasikia mkono!" nikamwambia. "Madam, ni kama simu, lakini kubwa!"

Yeye hakufurahi hata kidogo. "Kompyuta ni ya kuandika. Simu ndiyo ya kupapasa. Hii sasa itafanya kazi ya watu wawili, na itachoka."

Fundi wa simu wa duka la pili akaja kuangalia, akaigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji. "Hiyo kioo ikipasuka usiniletee," akasema. "Utakuja hapa ukilia, na mimi nitalia tu na wewe. Spea sina."

"Lakini oneni," nikasema, nikazungusha picha ya pasipoti ya chifu wetu mdogo kwa vidole viwili, akalala ubavu, akasimama tena.

"Naona," Madam akajibu. "Naona pia umeacha mafuta ya mandazi kwa paji la uso la serikali."

Basi ikawa ubishi wetu wa kila siku. Madam akisema ni upuuzi, mimi nikisema ni baraka. Sababu yangu ilikuwa moja. Picha nyingi tunazoletewa za wazee ni mbovu. Zimekunjwa, zimeliwa na mende, zingine zimeshikana na kioo cha fremu. Kutengeneza uso kwa mausi ni kama kumpaka mtoto mafuta ukiwa umevaa glavu za jikoni. Kwa kidole, unafuata shavu mpaka linapoishia. Unahisi uko karibu na mtu. Madam aliniambia hayo ni maneno ya mtu asiye na mchumba.

Familia ile ilitoka Kisian. Mzee wao alikuwa fundi wa baiskeli kwa miaka mingi sana, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Jumanne walileta karatasi ya wasifu, iliyoandikwa kwa mkono na binti mkubwa, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko wa ubaoni. Picha ililetwa na mke wa marehemu mwenyewe. Aliitoa ndani ya leso, na leso ndani ya mfuko wa plastiki.

Ilikuwa picha ya harusi ya mtu mwingine. Mzee alikuwa amesimama pembeni, kofia imekaa upande, anacheka na mtu asiyeonekana. Mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia nyumba za chini, maji yalikuwa yamefika kwa kabati la picha. Doa la kahawia lilianzia kwenye kofia likashuka upande wake mmoja mpaka begani. Jicho moja lilikuwa nusu. Sikio la upande huo halikuwepo kabisa.

"Hakuna ingine, Dani?" nikamuuliza. Dani ndivyo tunavyowaita bibi zetu kwa Kijaluo, na yeye alikuwa wa umri huo.

"Iko ya kitambulisho. Kwenye hiyo ameonekana kama mtu ameshikwa na polisi." Akaikunja leso yake tena, tupu. "Nyathina, mwanangu, watu watabaki na hiyo karatasi. Wataiweka kwa Biblia. Mimi nataka wamuweke yeye. Si huyo wa polisi."

Nikamwambia nitajaribu. Jumanne yote na Jumatano yote, wateja wakiondoka, narudi kwa Mzee. Nilimtoa maji polepole. Nikaiga rangi ya shavu zima nikaileta kwa shavu lililoharibika. Jicho nikalikamilisha. Sikio nikachukua lile lililobaki, nikaligeuza, nikaliweka upande wa pili. Sikio zuri, safi, la duara. Jumatano jioni nikajiegemeza kwa kiti nikamtazama akicheka, nikacheka na mimi. Hata Madam alisimama nyuma yangu akasema, "Si mbaya," na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Furaha ile ilinifanya nikasahau jambo moja. Wasifu nilikuwa nimeuhifadhi vizuri. Uso wa Mzee nilikuwa nimeuacha tu wazi pale, bila kuuhifadhi, nikafunga kifuniko nikaenda nyumbani nikiimba.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana wakaja kukagua.

Kama hamjawahi kuona watu wetu wakikagua programu ya mazishi, niwaambie. Hakuna mtu anayesoma wasifu wa marehemu kwanza. Kila mtu anatafuta jina lake. Jina likikosekana, au likiwekwa chini ya la mtu mdogo wake, hiyo ni kesi ya miaka kumi. Kwa hiyo hawaji kukagua kwa macho. Wanakuja na vidole. Kwa ile kompyuta ya zamani haikuwa taabu, watu waliigusa mpaka ikawa na alama kama dirisha la shule. Sasa walikuwa mbele ya skrini inayosikia, na mimi, mtetezi wake mkuu, sikufikiria hata kuwaonya.

Walikuwa watatu. Mwalimu, ndugu mdogo wa marehemu ambaye alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu na sauti ya mikutano, na Dani. Nikafungua jalada upande mmoja na majina upande mwingine, ili wafurahi mara mbili.

"Yawa, ni yeye kabisa!" ndugu wa marehemu akasema, akaangalia picha sekunde moja. "Haya, mimi niko wapi?"

"Uko hapo, baba mdogo, wa pili," Mwalimu akamwonyesha. Akamwonyesha kwa kidole. Ukurasa ukaruka.

"Nilikuwa hapo. Sasa nimeenda wapi?"

"Msiguse, tafadhali," nikasema.

"Sigusi, naonyesha tu. Hii ni mimi? Hapana, huyu ni marehemu shemeji. Unaniweka na marehemu?"

"Ngoja nirudishe, Mzee."

"Na ile ya kiboko iko? Kwamba alipigana na kiboko akashinda?"

"Iko," nikamjibu, "ukurasa wa tatu. Nimeandika aliponea kwa neema ya Mungu."

"Neema iko, sawa, lakini andika pia alipigana."

"Baba mdogo, hakupigana," Mwalimu akasema. "Alikimbia."

"Kukimbia kiboko ndio kupigana na kiboko! Wewe ulisomea wapi?"

Hapo ndipo nikasikia ko, ko, ko. Dani alikuwa amenyoosha mkono wake katikati ya mikono yao, na anabisha kwa ukucha juu ya picha. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Lakini Mwalimu alikuwa anasogeza majina juu kwa kidole, baba mdogo anayarudisha chini, na mimi najaribu kuwashika mikono bila kuwashika. Picha ya Mzee ikawa kubwa, ikawa ndogo, ikahama. Kikasanduku kikatokea katikati ya skrini kuuliza kama kazi hii ihifadhiwe au iachwe. Kikakaa juu ya jina la baba mdogo hasa.

"Toa hii kitu," akasema, na akakigusa palipoandikwa kuacha, ili kiondoke. Kikaondoka.

Uso nao ukaondoka. Nikafungua picha upesi, na kilichofunguka ni ile ya kwanza kabisa. Doa la kahawia, jicho nusu, hakuna sikio.

Lori likapita, likaisha.

"Amerudi kwa maji," Dani akasema, kwa sauti ndogo. Kisha akaangalia ukucha wake. Akauficha ndani ya kiganja kama mtu aliyevunja kikombe cha watu.

Nilitafuta kila mahali. Niliita fundi wa simu, akaja, akabonyeza hapa na pale, akanitazama kwa huruma na akarudi kwake bila hata mzaha, jambo lililonitisha zaidi. Mwili ulikuwa unatoka mochari kesho yake mchana, na programu zilipaswa kuwa zimechapwa asubuhi. Madam akakunja mikono. Hakuniambia, "Nilikwambia." Alisema tu, "Watumie ya kitambulisho."

"Ya kitambulisho iko sawa," baba mdogo akakubali, sauti ya mikutano imepungua. "Hata ni safi. Hakuna mtu atasema kitu."

Mwalimu akamwangalia mama yake. Mama yake aliangalia tu sakafu, na nilijua yule mtu wa polisi ndiye angekaa kwa Biblia zote za Kisian.

"Nipeni mpaka jioni," nikasema. Sijui ujasiri huo nilitoa wapi. "Nilimtengeneza siku mbili, lakini sasa najua njia."

Mwalimu na baba mdogo wakaenda kutafuta mahema. Dani akasema yeye miguu imechoka, atabaki. Nikamwekea kiti karibu na changu. Nilikuwa nimeshaanza na shavu wakati alipozungumza.

"Nyara, binti yangu, unisamehe. Ni mimi nilimfuta."

"Wewe? Dani, hapana."

"Niligonga. Niliona nikigonga, na baada ya hapo akaenda."

Wee, moyo wangu. Mama amekaa hapo nusu saa nzima akidhani amempoteza mume wake mara ya pili ndani ya wiki moja, na safari hii kwa mkono wake. Nikageuza laptopu kwake. "Gonga tena," nikamwambia. Akakataa. Nikamwomba mara tatu. Mwishowe akagonga kwa ukucha, ko, na hakuna kilichosogea. Akagonga tena. Nikamwambia akandamize kwa ncha ya kidole chenyewe. Kidole chake kilikuwa kimekauka kwa jembe, ngozi ngumu kama ukanda. Akakandamiza. Hakuna kitu.

"Ona," nikasema. "Haikusikii kabisa. Wewe ndiwe mtu peke yake hapa duka ambaye hangeweza kumfuta, hata ukitaka. Ni vidole laini vilivyomfuta. Vya baba mdogo."

Akatazama kidole chake, akatazama skrini, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu. "Yule hajashika jembe tangu azaliwe," akasema. Alicheka mpaka akapangusa macho kwa ile leso ya picha. Mimi pia. Sijawahi kuona mtu akitua mzigo namna hiyo mbele yangu.

Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza saa ile ile. "Dani, ulikuwa unagonga nini?"

"Sikio," akasema.

"Sikio lina nini?"

"Hilo uliweka si lake. Lilikuwa zuri sana." Akakaribia skrini. "Lake la huku lilikuwa limepasuka hapa chini. Kama mfuko umekatwa. Niliona hilo zuri nikashangaa huyu ni nani amevaa kofia ya bwana yangu."

Nikakumbuka ukurasa wa tatu. "Ah! Kiboko!"

"Kiboko gani?" Dani akanitazama kama mtoto. "Ni spoku. Alikuwa anakaza gurudumu, spoku ikakatika ikamrukia. Mimi ndiye nilimfunga na kitambaa. Watu wakamuuliza, akawaambia ni kiboko. Akaona wanapenda. Tangu siku hiyo ikawa kiboko." Akashika sikio lake mwenyewe. "Usitoe kiboko kwa karatasi. Kiache. Lakini sikio weka la spoku."

Nikaliweka tena lile sikio, nikajaribu kulipasua. Nikalipasua juu, akasema hapana. Nikalipasua kati, akasema unamwumiza. Alijaribu kunieleza kwa mkono hewani na sikuelewa. Basi nikachukua mkono wake nikauweka juu ya kioo. "Chora wewe."

"Si umesema hainisikii?"

Hakungoja jibu. Alilamba ncha ya kidole, vile watu wa umri wake hulamba wakifungua Biblia, na akaigusa skrini. Kidole chenye unyevu kikasikika, mstari ukatokea. Akashtuka, akautoa mkono, kisha akaurudisha. Akauteremsha ule mstari kwa upole kabisa, ukapinda kidogo mwishoni, ukaishia. Alikuwa hachori. Alikuwa anapita njia anayoijua. Mimi nilijaza rangi tu kando ya mstari wake, na tulipomaliza sikio, hata kabla sijamaliza kofia, yule mtu aliyekuwa anacheka akawa mtu mwingine. Akawa mtu ambaye amewahi kuumia, akafungwa kitambaa, akaenda nje kudanganya watu.

"Eeh," Dani akasema. "Sasa amefika."

Nikahifadhi. Nikahifadhi tena. Nikahifadhi kwa jina lingine, nikaweka na kwa simu yangu, nikamtumia na Madam, ambaye akaniuliza kama nimepagawa.

Mwalimu aliporudi alisimama mlangoni, na mwavuli wake ukidondosha maji maana mvua ya ziwani ilikuwa imeanza. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Hakuuliza jina lake liko wapi. "Lile sikio," akasema tu. "Mama, lile sikio." Mchana ule alikuwa ameangalia picha ile ile na hakuliona kosa, na nadhani lilimuuma kidogo, lakini alikuwa anatabasamu.

Ijumaa asubuhi printa ilifanya kazi bila kutema karatasi hata moja, kama nayo ilikuwa imesikia habari. Walikuja kuchukua maboksi na mapema. Baba mdogo alifungua kijitabu kimoja palepale, akapata jina lake, la pili, mahali pake. Akafungua ukurasa wa tatu, akapata kiboko. Kisha akarudi kwenye jalada.

"Ona sikio," akaniambia kwa fahari. "Hapo ndipo kiboko alimshika."

Dani alikuwa nyuma yake. Alinitazama, akainua nyusi mara moja. "Erokamano, nyara, asante," akasema, na akaingiza kijitabu chake ndani ya leso, leso ndani ya mfuko.

Walipoondoka Madam akaelekeza kidevu kwa laptopu. "Sasa umeona? Hiyo kugusa uizime. Fundi amesema inazimika."

"Bila kugusa, Madam, sikio angelichora nani?"

"Na bila kugusa, uso ungepotezwa na nani?"

Hapo hatukuwa na mshindi. Yeye ana haki na mimi nina haki, na nimeshafikiria jambo hili kuliko watu wengi wenye digrii zao huko Maseno. Laptopu iwe na skrini ya kugusa au isiwe nayo? Mimi nasema iwe nayo, kwa sababu ya kidole kimoja. Lakini watu wetu hawataacha kuonyesha majina yao kwa mkono, na siwezi kuwakataza waliofiwa wasinyooshe mkono.

Saa sita Madam akaenda mjini kununua wino, nikabaki peke yangu. Nikafuta skrini kwa kitambaa, alama zote, za Mwalimu na za baba mdogo. Halafu nikaenda nyuma ya mlango, nikachomoa njiti moja ndefu kwenye ufagio, nikaivunja ncha yake kali. Nikafungua ukurasa wenye majina mengi. Nikagonga jina la kwanza kwa njiti. Ko. Halikusogea. Nikagonga la pili, nikalisukuma, nikalikwaruza hata. Likakaa pale pale.

Nikatafuta uzi wa kushonea vijitabu, nikaifunga ile njiti ya kuonyeshea majina kwenye mguu wa meza, nikailaza juu karibu na laptopu, mahali ambapo mkono wa mtu yeyote ungeifikia kwanza.